Ziwa Halina Kosa

Kuna neno moja ambalo nimelisikia kwa zaidi ya miaka arobaini, nimelisikia Tanga, nimelisikia Dar es Salaam, na nimelisikia hata kijijini kwetu Lushoto. Husemwa usiku, mtoto anapolia na watu wazima wamechoka. Neno lenyewe ni hili: "Maziwa yako yanamkataa mtoto." Halisemwi kwa ubaya. Mara nyingi msemaji ni mtu anayempenda mama huyo na kumpenda mtoto wake, ni mama mzazi, au mama mkwe, au shangazi, au jirani aliyezaa watoto saba na kuwalea wote. Ndiyo maana lina nguvu. Nami nathubutu kusema katika kurasa hizi kwamba ni neno la uongo, kwamba limewatoa ziwani watoto wengi ambao hawakuwa na sababu ya kutoka, na kwamba sisi bibi wa leo ndio tunaolisema zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Sisemi haya kama mtu aliye pembeni. Niliwahi kuliamini, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtoto ana wiki mbili au tatu tangu azaliwe. Mchana ananyonya, analala, anachafua nepi kama kawaida. Ikifika baada ya magharibi anaanza. Anakunja miguu kuelekea tumboni, anakaza ngumi, uso unaiva, tumbo linakuwa gumu kama ngoma iliyoanikwa juani, anapitisha upepo, na analia kilio ambacho hakisikii ziwa, hakisikii wimbo, hakisikii mgongo. Huchukua saa moja, saa mbili, saa tatu. Kisha kinakoma ghafla kama kilivyoanza, na mtoto analala huku mama amekaa kitandani anamtazama, naye ndiye sasa anayelia. Sisi wa pwani tunaita chango, wengine husema mchango, na vijana wa siku hizi husema tu "gesi". Mwaka 1954 daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walitoa kipimo kilichotumika kwa miaka mingi: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Mama aliye katika usiku wa tano hahitaji kuhesabu, lakini hesabu hiyo inatufaa kwa jambo moja. Inatuonyesha kwamba watoto wa wenzetu, wenye hospitali za kila aina na vyakula vya kila aina, nao walikuwa wakilia hivyo hivyo.

Chanzo kimoja cha kilio hicho madaktari hawajakubaliana. Mwendo wake lakini unajulikana vizuri. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hupanda, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha huteremka polepole, na mwezi wa tatu au wa nne watoto walio wengi wanakuwa wameacha. Tena huwapata watoto wa ziwa na watoto wa chupa, karibu sawasawa. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Kama maziwa ya mama ndiyo yangekuwa yanaleta chango, mtoto wa chupa angelala usiku kucha. Halali.

Sasa niseme yangu.

Nilijifungua kifungua mimba wangu mwaka 1983, Tanga. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, na mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini. Wanaoukumbuka mwaka ule wanakumbuka foleni: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya unga, na ile kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ambayo ilifanya hata mtu mwenye mifuko miwili ya sukari alale na wasiwasi. Mtoto alizaliwa salama, akashika ziwa siku ile ile, akanawiri. Wiki ya tatu chango likaingia.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifanya yote aliyoyajua. Alimfunga mvuje mkononi katika kipande cha kaniki, chumba kizima kikanuka. Alimpaka tumbo mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu. Alichemsha shamari akampa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Mimi alinikataza maharage, alinikataza kunde, alinikataza kabichi, alinikataza muhogo, na katika mwaka ule wa foleni, ukishamkatazia mtu hayo yote humwachii chakula kingi. Jirani yetu akasema nilikuwa natembea juani, kwa hiyo ziwa limechacha, nilikamue kwanza nimwage kabla ya kumpa. Nikamwaga. Mpaka leo nikikumbuka maziwa yale niliyoyamwaga kwenye ukuta wa uani najisikia vibaya.

Wiki ya sita nikaenda kliniki. Muuguzi alimtazama mtoto anavyolia, akanitazama mimi nilivyokonda, akasema, "Maziwa yako mepesi. Kama una uwezo, mjaribishie ya kopo." Alikuwa ameishika kadi ya kliniki mkononi. Kadi ile ilikuwa na mstari unaopanda, mtoto alikuwa ameongezeka uzito kila mara alipopimwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiangalia. Nami sikuiangalia. Nilisikia tu kwamba kuna kosa, kwamba kosa ni langu, na kwamba linaweza kununuliwa dawa.

Kopo la kwanza mume wangu alilipata kwa baharia, kwa bei nisiyotaka kuitaja. Nililiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia ataliona. Naliandika hilo kwa aibu, lakini ni kweli. Kopo lilikuwa alama kwamba sisi si watu wa hivi hivi. Usiku wa kwanza mtoto alilala saa tano mfululizo, nikasema tumepona. Sikujua kwamba maziwa ya kopo hukaa tumboni muda mrefu zaidi kuliko ya mama, ndiyo maana mtoto hulala kama mtu mzima aliyekula ugali usiku. Usiku wa nne kilio kikarudi vile vile. Lakini sasa nilikuwa nimeanza njia, na njia ile ina mteremko. Ziwa hutengeneza kile kinachonyonywa. Mtoto aliyeshiba chupa hanyonyi, ziwa lisiponyonywa hupunguza, likipungua mtoto hulia kwa njaa, na akilia kwa njaa tunasema, "Mnaona? Maziwa yake hayatoshi." Kwa wiki tatu nikawa sina kitu.

Kisha kopo likawa gumu kupatikana. Nikaanza kuzimua. Palipoandikwa vijiko vinne niliweka vitatu, baadaye viwili, na mwisho ilikuwa maji yenye rangi ya maziwa. Maji yenyewe niliyachemsha kila mafuta ya taa yalipokuwapo. Mafuta ya taa nayo yalikuwa ya foleni. Msomaji ambaye ana jiko la gesi na friji anaweza kunilaumu, na ana haki.

Mwezi wa nne alianza kuharisha. Tulimfikisha hospitali siku ya tatu, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Tulikaa wodini siku tisa. Kitanda cha pili yake kilikuwa na mama mwenzangu, naye alikuwa na chupa kwenye kikapu chake kama mimi. Siku ya nne niliamka alfajiri nikamkuta anakunja kanga zake, zote, mpaka ile ya kubebea, na kikapuni hakuna mtoto wa kubeba. Hakusema neno, nami sikuthubutu kumpa pole.

Daktari aliniuliza kwa nini niliacha kunyonyesha. Nikamjibu, "Alikuwa analia." Akaandika, hakusema kitu. Mwanangu wakati ule hakuwa na nguvu ya kulia. Kilio kile nilichokikimbia usiku baada ya usiku, mle wodini nilikiombea kirudi.

Kilirudi, ashukuriwe Mungu. Mwaka 1986 nikapata wa pili, msichana, naye akaingiwa na chango vile vile, tena kali zaidi. Sikumpa kitu ila ziwa. Alilia mpaka wiki ya kumi na tatu, kisha siku moja tukagundua kuwa isha imepita na nyumba imenyamaza.

Hapa ndipo ninapotaka kuwagombeza wenzangu. Tatizo la dawa za chango ni kwamba zote huonekana zinafanya kazi. Mtoto hulia sana wiki ya sita. Wiki ya sita ndipo familia huchoka na kutafuta dawa. Baada ya wiki ya sita kilio huteremka chenyewe. Basi ukimfunga mvuje wiki ya saba, mvuje utapata sifa. Ukimbadilishia maziwa wiki ya nane, kopo litapata sifa. Ukimpeleka kwa mganga wiki ya kumi, mganga atalipwa kuku, na mwezi unaofuata atatumiwa wateja wawili na jirani yako. Kila mmoja wetu ana ushahidi wake, na kila mmoja anausimulia kwa nia njema. Mimi mwenyewe nimewahi kuapa kwa jina la shamari.

Chukua ile dawa maarufu ya chupa iitwayo Gripe Water. Ilianza Uingereza mwaka 1851 kwa mfamasia aitwaye William Woodward wa mji wa Nottingham, na kwa miaka mingi mmoja wa vitu vilivyokuwamo ndani yake ulikuwa pombe. Nawafikiria bibi zetu wa pwani, watu wa swala tano, ambao wasingegusa tone la mvinyo, namna walivyokuwa wakiipokea habari ya dawa ile iliyomfanya mtoto alale kwa utulivu. Siku hizi pombe imeondolewa. Lakini kijiko cha dawa, kijiko cha maji ya sukari, kijiko cha shamari, kijiko cha uji mwepesi "wa kufungua tumbo", vyote vinaingia katika tumbo lile lile dogo, na kila kijiko kinachukua nafasi ya ziwa. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 88. Mtoto wa Tanga katika joto la Januari hana kiu ambayo ziwa haliwezi kuikata.

Na maharage? Gesi ya maharage hutengenezwa katika utumbo mpana wa aliyeyala, na hubaki humo humo mpaka itoke kwa njia yake. Haipandi ikaingia ziwani. Mama anayenyonyesha anahitaji kula, tena kula vya kutosha, na anayemnyima maharage katika nyumba isiyo na nyama ya kila siku amemnyima chakula. Ziwa halichachi kwa jua. Maziwa ya mtu hayawi "mepesi" kwa sababu ya huzuni wala kwa sababu ya kazi. Yale ya mwanzo wa kunyonya kweli huonekana kama maji, na yale ya mwishoni huwa mazito yenye mafuta zaidi, na ni mtu yule yule na ziwa lile lile.

Hapo pana jambo ambalo laiti ningeambiwa mwaka 1983. Mama mwenye maziwa mengi, anayemhamisha mtoto kutoka ziwa la kulia kwenda la kushoto kila baada ya dakika chache kwa sababu aliambiwa agawe sawa, humjaza mtoto yale ya mwanzo, yenye sukari nyingi ukilinganisha na mafuta. Yanapita haraka utumboni, mtoto anajaa gesi, anatoa choo cha majimaji chenye rangi ya kijani, analia, na kwa kuwa analia anapewa tena ziwa. Tiba yake haihitaji duka la dawa: mwachie amalize ziwa moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili akilitaka, na ukiona bado anazidiwa, mpe lile lile moja kwa saa mbili tatu. Na mtoto anayeshika chuchu peke yake, bila kujaza mdomo ile sehemu nyeusi inayoizunguka, humeza hewa na kumuumiza mama. Afunguliwe mdomo wake mpana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ugeuke nje. Muuguzi mwenye ujuzi anaweza kulionyesha hilo kwa dakika tano. Yangu hayakuonyeshwa, na nina hakika yule muuguzi naye hakuna aliyemwonyesha.

Baada ya kunyonya acheulishwe, amelazwa begani au ameketishwa, bila kupigwapigwa kama godoro. Wakati wa kilio chenyewe, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chake kwenye kiwiko, kiganja chako kikishika paja, tumbo lake likikandamizwa kidogo na mkono, utembee naye. Mbebe mgongoni kwa kanga. Zima taa, zima redio, punguza wageni. Haya hayaponyi chango, yanausogeza usiku tu, na usiku ukisogea mara sitini au sabini chango limekwisha.

Wapo watoto wachache ambao kweli wanasumbuliwa na kitu kinachopitia kwa mama, na mara nyingi kitu hicho ni maziwa ya ng'ombe. Choo chake huwa na makamasi, pengine michirizi ya damu, ngozi inatoka vipele, anatapika mara kwa mara. Angalia jinsi tunavyogeuza mambo! Mtoto ambaye tumbo lake linakataa maziwa ya ng'ombe anaachishwa ziwa la mama yake na kupewa kopo, na ndani ya kopo la kawaida ni maziwa ya nani kama si ya ng'ombe? Kinachotakiwa ni mama, kwa ushauri wa daktari, aache chai ya maziwa, mtindi, siagi na jibini kwa wiki mbili hadi nne, ale dagaa na mboga za majani mahali pake, na aendelee kunyonyesha. Akiona nafuu, ameujua ukweli. Asipoiona, arudie chai yake.

Tena nisieleweke vibaya, kwamba kila kilio ni chango na kila mama avumilie tu. La hasha. Mtoto mwenye homa, mtoto anayetapika matapishi ya kijani, mwenye damu chooni, ambaye tumbo limevimba na halilainiki, anayegoma kunyonya, anayelegea, ambaye haongezeki uzito kwenye kadi, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, asisubiri mvuje wala makala yangu. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi. Mtoto anayelia na kunenepa ana chango. Mtoto anayelia na kukonda ana jambo jingine.

Nimetaja kwamba wanaolisema neno lile ni sisi bibi. Hatuko peke yetu. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuzuia biashara ya maziwa ya kopo isiwahadae wazazi. Nchi 118 ziliunga mkono, moja tu ilipinga, nayo ilikuwa Marekani. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994, na nyingine mwaka 2013. Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012. Kwa hiyo leo hutaona kwenye ukuta wa wodi picha ya mtoto mnene akishika kopo. Lakini nenda duka la dawa la mjini usome makopo yenyewe. Liko la watoto wa kawaida, liko la wanaocheua, liko la wenye gesi, liko la wenye njaa, mradi kila tabia ya kawaida ya mtoto mchanga imepata kopo lake. Kilio cha wiki ya sita, ambacho kingekwisha bure, kimepewa bei.

Na wako pia wale wa upande wangu, ambao nawapenda, ila nina ugomvi nao. Kila mwaka wiki ya kwanza ya Agosti tunaadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji, iliyoanza mwaka 1992. Fulana zinachapwa, hotuba zinatolewa, mama anaambiwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee miezi 6. Sawa kabisa. Lakini saa nne ya usiku, mtoto analia kwa saa ya tatu, fulana haimbebi. Hatuachi kunyonyesha kwa kukosa hotuba. Tunaacha kwa kukosa usingizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baada ya hapo saa zisizozidi mbili kwa siku za kumnyonyesha. Ni jambo jema kwa aliyeajiriwa kwa barua. Muuza samaki wa sokoni hana barua. Na hata mwenye barua, mtoto wake akiwa na chango, zile siku 84 anazitumia zote kukesha, na anapoanza kuona nafuu ndipo likizo inapokwisha. Nimewaona mabwana wakubwa wa ofisi wakihutubia Wiki ya Unyonyeshaji katika jengo ambalo mama akitaka kukamua maziwa inambidi aende chooni.

Pamoja na yote hayo tumepiga hatua, nami ni mtu mzima wa kutosha kukiri ninapoona jema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta Tanzania asilimia 59 ya watoto walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Ila nikilitazama fungu lililobaki, najiuliza ni wangapi walitolewa humo na kijiko cha kwanza cha wiki ya sita.

Kuna miaka ambayo kijiko kile kilikuwa na hatari kubwa zaidi, na hatukujua. Nasema juu ya miaka ya UKIMWI. Utafiti uliofanywa Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wa mama wenye virusi walionyonya na huku wakichanganyiwa maji na vyakula vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya ziwa pekee. Leo kuna dawa, na mama anayezitumia ipasavyo ananyonyesha kwa ushauri wa kliniki, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelielekeza tangu mwaka 2010. Lakini nawakumbuka wanawake wa mtaani kwetu miaka ile. Nawakumbuka bibi waliokuwa wakiwachemshia wajukuu shamari kwa mapenzi.

Sasa nimalizie kwa nini nimeandika haya leo wakati mambo yangu ni ya 1983. Mwaka 2023 yule kifungua mimba wangu, mtu mzima wa miaka arobaini, alipata mtoto wake wa kwanza, Dar es Salaam. Nikaenda kumlea mkwe wangu uzazi. Wiki ya nne mjukuu akaanza, baada ya magharibi, kama saa. Mkwe wangu ni binti wa shule, mtulivu, hakulalamika, lakini wiki ya sita nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda akiminya ziwa lake na kuyatazama maziwa kwenye kiganja, jinsi mtu anavyoitazama noti anayoishuku. Nikajua tayari ameambiwa. Aliambiwa na nani sikuuliza.

Siku hiyo jioni mwanangu alirudi kazini na kopo kwenye mfuko wa duka la dawa, la gramu 400, lile la watoto wenye gesi. Akaliweka mezani akasema, "Mama, tusimtese. Hata mimi si nililelewa kwa kopo, na mbona nipo?"

Sikuwahi kumsimulia. Alijua kwamba alipokuwa mchanga aliwahi kulazwa, basi. Baba yake alifariki bila ya sisi wawili kulizungumza tena. Nilimketisha pale mezani nikamweleza yote, baharia, kabati, vijiko viwili badala ya vinne, utosi, yule mama na kanga zake. Nikamwambia pia hesabu: kopo lile kwa mtoto wa miezi miwili ni siku nne, kwa mwezi ni makopo saba au manane. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: "Ulijua kwamba ningeweza kufa?" Nikamwambia ndiyo, nilijua, ila nilijua nikiwa nimechelewa.

Akanyamaza sana. Kisha akauliza sasa tufanye nini na huyu anayelia.

Tukagawana usiku. Mama yake amnyonyeshe, ziwa moja mpaka liishe, kisha alale, asiitwe mpaka mtoto atake tena kunyonya. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita mtoto ni wa baba yake. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa ni wangu. Usiku wa kwanza nilimwona mwanangu, jitu zima lenye kitambi, akizunguka sebuleni gizani, mtoto amelala kifudifudi juu ya mkono wake, miguu ya mtoto ikining'inia huku na huku. Mtoto alilia saa mbili na nusu. Kopo lilibaki mezani halijafunguliwa, na asubuhi alilirudisha dukani. Muuzaji alikataa kumrudishia fedha, akambadilishia kwa sabuni na nepi.

Tulikwenda hivyo wiki saba.